Chaja Inayojua Kuacha: Swichi na Rilei kwa Betri ya Nyumbani na Dukani

Matini ya mazungumzo kwa wakaazi, wafanyabiashara na mafundi chipukizi wa Mwala



Betri ndani ya nyumba si jambo geni Ukambani. Kabla ya nguzo za stima kufika vijijini, familia nyingi nchini Kenya zilitazama televisheni kwa betri ya gari. Betri ikiisha nguvu, ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa sokoni kuchajiwa. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mradi wa Last Mile wa kuunganisha stima mashinani, na maboma mengi yakapata taa. Hata hivyo betri haikuondoka. Stima ikipotea jioni pale Masii au Wamunyu, kinyozi anataka amalize kichwa alichoanza kunyoa. Mwenye duka la M-Pesa anataka taa na simu yenye chaji. Mfugaji wa kuku anataka mashine ya kuangulia isipoe, maana mayai hayangoji mafundi wa stima. Wote hao hutegemea betri.

Swali la leo ni moja: betri ikijaa, ni nani anayezima chaja?

Mahali pengi jibu ni mtu. Mwenye duka huchomeka chaja saa mbili usiku na kupanga kuichomoa saa kumi alfajiri. Lakini mtu hulala, hupigiwa simu, huenda matanga. Chaja za zamani, zile nzito zenye transfoma na mshale wa kupima ampea, hazina habari. Zitaendelea kusukuma umeme mpaka mkono wa mtu uzizime. Mazungumzo haya yanaeleza jinsi swichi, rilei moja na vifaa vichache vya dukani vinavyoweza kuifanya kazi hiyo bila kusinzia.

Betri inavyouawa

Betri ya madini ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na tabia yake ya msingi haijabadilika. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa karibu volti 2. Ikiwa imejaa na imepumzika bila kazi, mita huonyesha kama volti 12.6 au 12.7. Ikifika karibu 12.1, imebaki nusu. Wakati wa kuchajiwa hali ni tofauti, kwani volti hupanda hadi 13, kisha 14. Kikomo kinachotumiwa sana kwa betri za kawaida ni 14.4.

Chaja ikipita hapo kwa muda mrefu, umeme hauna tena pa kuwekwa. Hugeuka kuyapasua maji yaliyo ndani ya asidi kuwa gesi za haidrojeni na oksijeni. Maji hupungua, sahani za ndani hubaki wazi, na betri huchemka. Tena haidrojeni ikifikia sehemu 4 kwa kila sehemu 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Chumba kidogo kisicho na dirisha, betri inayochemka na mtu anayewasha kiberiti: hivyo ndivyo nyumba huungua.

Upande wa pili pia una hasara. Betri inayoachwa nusu tupu kwa wiki kadhaa hujenga ugumu kama chumvi juu ya sahani zake, na haikubali tena kujaa. Kwa hiyo kuogopa kuchaji si dawa. Dawa ni chaja inayojua kuanza na kujua kuacha.

Tangi la maji na maboya mawili

Kila boma lenye tangi la maji hapa Mwala linajua kazi ya boya. Maji yakipanda, boya hupanda nayo na kufunga mfereji. Hakuna anayekesha akichungulia tangi.

Sasa tuseme kuna pampu ya kisima inayojaza tangi hilo, na boya moja tu kule juu. Maji yakigusa boya, pampu huzima. Mtu akichota kikombe kimoja, boya hushuka kidogo na pampu huwaka. Sekunde chache baadaye huzima tena. Pampu ya namna hiyo haitamaliza mwezi. Ndiyo maana mwenye busara huweka maboya mawili: la juu linasema acha, la chini linasema anza, na katikati pampu hupumzika.

Betri inahitaji vivyo hivyo, na kwake haja ni kubwa zaidi, kwa sababu chaja inapokatwa tu, volti hushuka haraka kutoka 14.4 hadi karibu 13 na nusu hata kama hakuna aliyetumia umeme. Saketi yenye kikomo kimoja itakata, ione volti imeshuka, iunganishe, ikate tena. Rilei italia ta-ta-ta kama kuku anayedonoa bati. Kila mlio una cheche, na cheche huchoma chuma. Mwishowe chuma hushikana, na rilei iliyoshikana haikati tena. Kifaa kilichonunuliwa kulinda betri kinakuwa ndicho kinachoichemsha usiku kucha.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuamua kabla ya kushika waya ni namba mbili. Kwa betri ya kawaida ya kungojea stima ipotee, acha iwe 14.4 na anza iwe 12.7.

Rilei ni nini

Rilei ni swichi inayobonyezwa na sumaku badala ya kidole. Mmarekani Joseph Henry aliitengeneza mwaka 1835, na kwa vizazi ilisukuma habari za telegrafu ya waya. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba. Koili ikipata umeme kidogo huwa sumaku na kuvuta kibati kinachounganisha midomo miwili ya chuma, na kwenye midomo hiyo umeme mwingi hupita. Umeme mdogo unaamuru, umeme mkubwa unatii, na hizo njia mbili hazigusani.

Rilei ya gari ya volti 12 hupatikana katika duka lolote la spea. Miguu yake kwa kawaida huwa na namba zilezile. 85 na 86 ni koili. 30 ndiko umeme mkubwa unakoingia. 87 ndiko unakotokea koili ikivuta. Nyingine zina 87a, unakotokea koili ikilala.

Fundi atumie 87, asitumie 87a. Sababu ni hii: waya wa koili ukikatika, sumaku hulegea na chaja hukatwa. Hasara itakuwa betri isiyojaa. Angetumia 87a, kasoro hiyohiyo ingeiacha chaja ikisukuma bila mwisho. Kifaa chema kikiharibika huharibikia upande wa usalama.

Ubongo wa shilingi chache

Rilei haijui kupima volti. Anayepima ni chipu ya miguu minane iitwayo 555, kazi ya Hans Camenzind ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo mpaka leo haikosekani katika vyuo vya ufundi. Uzuri wake ni kwamba tayari ina maboya mawili ndani. Ikilishwa volti 5, mguu wa 6 hupima theluthi mbili, yaani volti 3.33, na ukivuka hapo chipu huzima. Mguu wa 2 hupima theluthi moja, yaani 1.67, na ukishuka chini ya hapo chipu huwasha. Katikati, chipu hukumbuka amri ya mwisho.

Volti 5 hizo zitoke kwenye betri kupitia rekebishi ya 7805, ambayo hutoa 5 bila kuyumba hata betri ikipanda na kushuka. Mguu wa 8 hupata hizo volti 5, mguu wa 1 huenda hasi. Mguu wa 5 huenda hasi kupitia kapasita ya nanofaradi 10, na mguu wa 7 huachwa.

Kinachobaki ni kuipunguza volti ya betri iingie katika vipimo vya chipu. Kwa mguu wa 6, kutoka chanya ya betri iwekwe resista ya kiloomu 27 ikifuatana na resista ya kurekebishwa ya kiloomu 10, kisha resista ya kiloomu 10 kwenda hasi. Mguu wa 6 uchukue kipimo juu ya hiyo ya mwisho. Hesabu yake ni rahisi: jumla ya zilizo juu ikiwa kiloomu 33.2, betri itakapofika 14.4 mguu utaona 3.33, na chipu itazima.

Kwa mguu wa 2 mpango ni uleule, ila juu iwe kiloomu 56 pamoja na ya kurekebishwa ya kiloomu 20. Ikiwekwa ili jumla iwe karibu 66.2, chipu itawasha betri ikishuka hadi 12.7.

Amri hutoka mguu wa 3, nayo haifiki volti 5, hivyo haitoshi kuvuta koili ya gari ya volti 12 inayokula karibu ampea 0.15. Kwa hiyo mguu wa 3 upitie resista ya omu 470 hadi kwenye transista BC337, na transista ndiyo iivute koili. Sambamba na koili iwekwe dayodi 1N4007, mstari wake ukielekea upande wa chanya. Koili inapokatwa ghafla hurusha volti kubwa nyuma, na bila dayodi hiyo transista haitaona siku ya pili.

Koili inalishwa na nani?

Hapa ndipo mchoro mzuri wa karatasini huweza kuwa hasara dukani. Tuseme koili inalishwa na betri. Stima inapotea katikati ya kuchaji. Chipu bado inasema chaji, koili bado inavuta, ila chaja haina kitu. Ampea 0.15 kwa saa 24 ni ampea-saa 3.6. Kifaa cha kujaza betri kinaimaliza betri wakati hasa inapohitajika.

Kwa hiyo koili ilishwe na chaja. Hata hivyo, kuhamisha waya peke yake hakutoshi. Midomo ikiwa imefungana, umeme wa betri hurudi kupitia 87 na 30, hufika upande wa chaja, na kuendelea kuilisha koili. Rilei inajishikilia yenyewe. Njia ya kuuzuia ni dayodi kubwa ya ampea 20, iliyofungwa kwenye bati la kupoza joto, kati ya chanya ya chaja na mguu wa 30. Koili, yaani mguu wa 86, iunganishwe kabla ya dayodi hiyo, upande wa chaja. Mguu wa 85 uende kwenye transista. Umeme sasa unakwenda upande mmoja tu. Stima ikipotea, rilei hulegea papo hapo. Stima ikirudi, chipu ingali inakumbuka amri, na kuchaji huendelea pasipo mtu kunyanyuka.

Kwa kuwa chaja za zamani hutoa umeme unaotetemeka, kapasita ya mikrofaradi 1000 ya volti 35 iwekwe kati ya chanya na hasi ya chaja ili koili isingurume. Isiwe ya volti 16, kwa sababu chaja ikiwa haina mzigo inaweza kufika volti 20 hivi.

Vitufe, fyuzi na nyaya

Mwenye duka pia apewe neno lake. Kitufe cha kijani kiunganishe mguu wa 2 na hasi: akikibonyeza, kuchaji huanza hata kama betri haijashuka hadi 12.7. Kinamfaa siku ile kampuni ya umeme imetangaza kukatika kwa stima kesho yake. Kitufe chekundu kiunganishe mguu wa 4 na hasi, nao mguu wa 4 uwe umefungwa kwenye volti 5 kupitia kiloomu 10. Hicho husimamisha kuchaji. Kusiwe na swichi ya kulazimisha chaji bila kikomo, kwa maana iliyopo siku moja itasahauliwa ikiwa imewashwa.

Saketi ya kupimia yenyewe hunywa umeme kidogo, kama ampea 0.01. Kwa mwezi ni ampea-saa 7. Betri inayowekwa stoo bila chaja ichomolewe kabisa.

Fyuzi iwe karibu kabisa na chanya ya betri, umbali usiozidi shibiri moja. Kwa chaja ya ampea 10, fyuzi ya 15 yatosha. Betri ya gari ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea, na waya usio na fyuzi hugeuka utambi. Nyaya za kupimia ziwe zake peke yake, zitoke kwenye vichwa vya betri, na ziwe na fyuzi ndogo ya ampea 1. Zikichukuliwa mbali, kipimo hudanganya: waya wenye ukinzani wa omu 0.05 unaopitisha ampea 10 hupoteza nusu volti, na chaja itakata kabla ya betri kufika.

Boksi la rilei lisiwekwe juu ya betri. Haidrojeni ni nyepesi, hupanda, na rilei ina cheche. Liwekwe kando, nalo dirisha liwe wazi.

Kujaribu kabla ya kuamini

Fundi asijaribu saketi mpya kwenye betri ya mteja. Atumie kwanza chombo cha maabara kinachotoa volti za kupandishwa na kushushwa, mahali pa betri. Apandishe polepole kutoka 12 na kusikiliza rilei ikilegea 14.4. Ashushe na kuisikia ikivuta 12.7. Kisha, kwenye betri halisi, achomoe chaja ukutani na kuhakikisha rilei imelegea. Siku ya kwanza asiondoke. Agusemo betri kila saa: joto la kawaida ni sawa, ikiunguza mkono kuna kasoro.

Usiku wa kwanza rilei inaweza kuvuta na kulegea zaidi ya mara moja. Hilo si kosa. Betri inapogusa 14.4 mara ya kwanza bado ina nafasi, na kila mzunguko unaofuata huijaza zaidi.

Joto nalo lina neno lake. Vipimo hivi ni vya nyuzi 25. Kila nyuzi moja ikiongezeka, kikomo cha juu kipunguzwe karibu volti 0.03. Chumba chenye paa la mabati kinachofika nyuzi 35 kinadai 14.1 badala ya 14.4.

Mipaka ya kazi hii

Saketi hii ni ya betri za risasi na asidi. Betri za lithiamu, zikiwemo za pikipiki za umeme, zina chaja na ulinzi wake, na zikichajiwa hivi zinaweza kushika moto. Paneli ya sola nayo ina kidhibiti chake. Chaja mpya inayojizima yenyewe haihitaji rilei.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Kazi yote iliyoelezwa hapa iko upande wa volti 12. Upande wa 240 si wa kujifunzia. Sheria ya Kawi ya 2019 imeiweka kazi ya kufunga stima chini ya mafundi wenye leseni ya EPRA, na mafundi wa sola nao huhitaji leseni ya mamlaka hiyohiyo. Mkaazi ana haki ya kumwomba fundi aonyeshe leseni kabla ya kumfungulia mlango.

Betri moja humla kinyozi faida ya wiki nyingi, na hasara haiishii mfukoni. Kila betri iliyokufa kabla ya siku zake ni kilo kadhaa za risasi na asidi zinazotafuta mahali pa kwenda. Wakaazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na watoto wakapatikana na sumu ya risasi kwenye damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Pesa haziondoi risasi mwilini. Betri iliyokufa isivunjwe nyuma ya nyumba wala asidi yake isimwagwe shambani. Irudishwe kwa muuzaji anayezipokea.

Kwa asiyetaka kushika waya, maswali manne yanatosha kumpima fundi. Chaja itaacha kwa volti ngapi, na itaanza tena kwa ngapi? Stima ikipotea, rilei italegea? Fyuzi iko wapi? Waya wa koili ukikatika, chaja itazima au itaendelea? Fundi anayeyajibu bila kubabaika anaijua kazi. Asiyeyajibu apewe muda akajifunze kwanza.